Nilikwenda Jeddah Kumsemea

Miaka ile simu zetu zilikuwa za bafuni. Mwulize mwanamke yeyote aliyefanya kazi za ndani Saudia atakwambia: ukitaka kuongea na mtu wako unajifungia, unafungulia mfereji ili madam adhani unaosha kitu, halafu unanong'ona. Ndivyo nilivyokuwa nimekaa Riyadh, kwenye bafu la wageni, kidole gumba kikiwa na povu la sabuni, siku niliyomharibia rafiki yangu.

Yeye alikuwa Jeddah. Alikuwa ameniandikia kwamba mtu wake wa nyumbani ameshikwa na malaria na yeye yuko mbali, hawezi hata kumpikia uji. Nikaamua kumtania ili asilie. Nikamrekodia ujumbe wa sauti, nikamtaja kwa jina, nikasema, "Mpe mkeo pole. Mwambie bibi arusi apunguze kazi, atakufia bure." Nikacheka peke yangu. Nilipotazama simu, ujumbe ulikuwa umekwenda kwenye kikundi chetu cha maombi, wanawake thelathini na kitu, wale tuliofundishwa pamoja Nairobi kabla ya kusafirishwa, nusu wakaangukia Riyadh na nusu Jeddah. Siku hizo ukishatuma umetuma, hakukuwa na namna ya kufuta. Niliketi nikitazama alama za buluu, maji yakimwagika, mpaka madam akagonga mlango.

Nisijifanye mtu mwema hapa. Mimi mwenyewe aliponiambia mara ya kwanza sikumpokea vizuri. Tulikuwa bado Nairobi, kwenye bweni la mafunzo, tukijifunza mashine za kufua na majina ya vyombo kwa Kiarabu, na tulilala kitanda kimoja cha juu kwa sababu vitanda havikutosha. Usiku mmoja akasema hana mume na wala hamtafuti, anaishi na mwanamke mwenzake na ndiye mtu wake. Nilichukua blanketi langu nikaenda kulala sakafuni karibu na mlango. Siku mbili nzima. Siku ya tatu nikarudi, kwa sababu ya baridi, na kwa sababu nafasi yangu pale kitandani ilikuwa bado ipo, hakuwa amejinyoosha akaichukua. Ilinichukua miezi kumwuliza swali la maana, nalo lilikuwa la kijinga: kati yenu nani hupika? Alicheka hadi akashika mbavu. Akasema yeyote aliyetangulia kufika nyumbani.

 Kesho yake mwenyekiti wa kikundi akazungumza. Alikuwa mama wa makamo kutoka upande wa Machakos, aliyefanya kazi Jeddah, mtaa wa Al-Safa, kama rafiki yangu. Alisema amesikia, ameomba, na hataki maneno mengi. Wanawake wa Jeddah wangekutana Ijumaa ya wiki iliyofuata. Ikiwa rafiki yangu hatakuwa ameomba mwenyewe kurudishwa nyumbani, yeye mwenyekiti atamwambia madam wa rafiki yangu.

Nilijua maana yake. Katika nchi ile, neno kama hilo likifika kwa kafili, mwajiri anayekushikia pasi, hakuna anayekuuliza ulikuwa unatania au la. Ni polisi, ni jela, na pengine zaidi ya jela. Nilimfahamu mwanamke mmoja aliyesingiziwa mambo madogo kuliko hayo, akatoroka akaenda kujificha mtaa wa Manfuha, akawa hana ikama, kile kibali cha kukaa, wala pasi, na hatukusikia habari zake tena. Nilimwomba rafiki yangu msamaha mara nyingi. Alinijibu mara moja tu, kwamba anajua nilikosea. Sikulala vizuri tangu siku hiyo.

Bahati ya kwenda kumsemea ilikuja kwa njia ambayo zamani ilikuwa ikiniumiza. Shule zikifungwa, baba mwenye nyumba na madam walipenda kwenda Makka kufanya umra, na kwa kuwa mimi ni Mkristo na siruhusiwi kuingia Makka, waliniacha Jeddah kwa dada yake madam kama sanduku la ziada. Dada huyo aliishi Al-Safa. Safari nyingine nilikuwa nikinuna moyoni kwa kuachwa. Safari hii niliomba Mungu waende. Mtoto wao alipoanza kukohoa Jumatatu nilihofia safari ingevunjika, nikampa asali na maji moto kila saa mpaka madam akanisifu kwa mapenzi yangu. Aibu yangu mwenyewe naijua.

Tulisafiri kwa gari, siku nzima ya jangwa, mimi kiti cha nyuma kabisa na mtoto akinilalia mguuni. Njia yote nilikuwa nikipanga maneno. Nilipanga mistari ya Biblia, nikaiacha, kwa sababu mwenyekiti aliijua kunishinda. Nilipanga kulia. Nilipanga kumkumbusha mwenyekiti kwamba rafiki yangu ndiye aliyemuuguza siku tatu za homa kwenye bweni. Kila kituo cha mafuta nilikwenda chooni kuyajaribu maneno yangu, na madam akasema ni yale maharage.

Pale Al-Safa wanawake wetu hawakuwa na siku ya mapumziko. Walichokuwa nacho ni Bibi mmoja wa Kizanzibari. Wazazi wake walihamia Jeddah baada ya mapinduzi, yeye akazeekea hapo, na kila Ijumaa alikaanga sambusa ambazo mabibi wa mtaa mzima walizitaka kwa chai ya jioni. Kila nyumba ilimtuma msichana wake kwenda kuzichukua. Sambusa zilikuwa tayari alasiri. Wasichana waliambiwa na Bibi mwenyewe waseme hazijaiva, na kwa hiyo kila Ijumaa kulikuwa na saa moja ya bure, chumba cha nyuma, sinia zikipoa jikoni na wanawake kumi na kitu wakiongea lugha yao. Rafiki yangu ndiye aliyekuwa msusi wao. Walikuwa wakigombania kukaa mbele yake sakafuni, kwa sababu saa moja hutosha vichwa viwili tu.

Ijumaa ile nilimwomba dada yake madam anitume mimi. Akakubali bila kuuliza. Nilipoingia nilimwona rafiki yangu ameketi ukutani na kitana chake mapajani. Mbele yake hapakuwa na mtu. Wengine walikaa upande wa pili, na jambo lililonichoma ni kwamba wote walikuwa wamefunga vitambaa vya kichwa hadi kwenye paji la uso. Humo ndani tulikuwa wanawake tu. Walijifunika kwa sababu yake, kana kwamba ni mwanamume.

Mwenyekiti hakupoteza muda. Alimwuliza rafiki yangu ameamua nini, naye akasema hana cha kuamua, mkataba wake una mwaka mmoja umebaki. Ndipo nikasimama. Mwenyekiti akanitazama kana kwamba ananionea huruma.

"Sisi si watu wabaya," akaniambia. "But hapa ni Saudia. Huyu akishikwa, wataulizwa wote waliokuwa wakikaa na yeye. Mimi niko na watoto watatu. Nirudishwe nikawaambie nini?"

Alikuwa anasema kweli. Hofu yake na yangu zilikuwa moja, tofauti ni kwamba yake ilikuwa na watoto watatu. Nilijaribu kusema kwamba rafiki yangu hajamgusa mtu wala kumtamani mtu hapo, na mmoja wao akaniuliza nimejuaje. Mwingine akasema huyo mwanamke wa nyumbani lazima anamlia tu jasho lake, atamwacha mikono mitupu, watu wa aina hiyo hawana nyumba. Wakaguna kukubali. Nilimwona rafiki yangu amefumba macho, na hasira ikanipanda nikasahau yote niliyopanga.

Nikawaambia kuhusu mama yake. Nikasema mama yake amepooza upande mmoja miaka miwili sasa, huko Kitale, na kwamba anayemwosha kila asubuhi ni huyo mwanamke. Nikaeleza ni fundi wa nguo za shule mwenye kibanda nyuma ya maghala ya mahindi, kwamba anafunga kazi mchana kwenda kumlisha, kwamba anamkata kucha, kwamba anamsuka. Nikasema, "Nyinyi mnaosha mama za watu hapa. Zenu nani anawaosha?"

 Tuliokuwa mle tulikuwa tukiwageuza wazee wa Jeddah na Riyadh vitandani kila siku, tunajua uzito wa mtu asiyejisaidia. Mwenyekiti aliajiriwa hasa kwa ajili ya mama yake madam, bibi mzito asiyeweza hata kujifuta.

"Anamgeuza baada ya saa ngapi?" akauliza. Hakuniuliza mimi, alimwuliza rafiki yangu.

Rafiki yangu akafumbua macho. "Mbili," akasema. "Usiku anaweka alarm."

Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa polepole. "Mama yangu mimi alipata vidonda," akasema. "Nilimwachia mke wa kaka yangu. Nilitumiwa picha alipokuwa ashakufa."

Akafungua kitambaa chake. Akavuka chumba, akaketi sakafuni mbele ya rafiki yangu, mgongo kwake, akasema asukwe mistari tu maana saa inakwenda. Rafiki yangu akachukua kitana akaanza kuchana. Mmoja baada ya mwingine wakaanza kulegeza vitambaa, wengine wawili watatu hawakulegeza, lakini hakuna aliyetoka. Bibi akatokea mlangoni na mwiko wake.

"Mabinti, sambusa zishapoa, msije mkanitia maneno na hao mabibi zenu," akasema. Akatutazama, akaongeza, "Na mie sikusikia kitu. Mafuta yalikuwa yakipiga kelele."

Nilibeba sinia langu nikiwa mwepesi kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili. Nilijiona nimefanya jambo kubwa. Nilijiambia kwamba watu hawahitaji hotuba, wanahitaji kuonyeshwa tu kwamba maisha ni yaleyale, na kwamba mimi ndiye niliyewaonyesha. Rafiki yangu alinifuata hadi kwenye geti. Nilidhani anakuja kunikumbatia.

"Nani alikwambia useme Kitale?" akaniuliza.

Sikumwelewa mara moja. Akanieleza kwa sauti ya chini, akitazama barabarani. Yule msichana aliyekaa karibu na mlango, asiyefungua kitambaa, kwao ni Kitale, mtaa uleule wa maghala. Nyumbani hakuna aliyejua. Mama wa rafiki yangu anajua huyo fundi ni mpangaji mwenye moyo mzuri. Majirani wanajua hivyo. Kanisa linajua hivyo.

Nikamwambia nilitaka wamwelewe tu.

"Wamenielewa," akasema. "Ile ya kwanza ilikuwa ajali, sikukulaumu. Leo nilikuwa nimekaa hapo hapo mbele yako. Si ungeniuliza?"

Akarudi ndani. Nilikwenda na sambusa zangu, na dada yake madam akaniuliza mbona nimekunja uso, nikasema mafi mushkila, hakuna tatizo.

Tuliporudi Riyadh hofu ilikuwa imehama, si kwamba imekwisha. Jeddah kulikuwa shwari. Mwenyekiti hakumwambia madam wa mtu neno lolote, na kikundini alianza kumtaja mama wa rafiki yangu katika maombi ya wagonjwa, kama alivyowataja wa wengine. Wanawake walirudia kusukwa. Lakini kila simu yangu ilipotikisika nilishtuka. Siku moja madam alinituma soko la Batha na dereva kununua vitambaa, nikasimama kati ya watu nikisikia Kiswahili cha wasichana nisiowajua, na nikajikuta nasikiliza kama watataja Kitale.

Ikafika wiki ya tano. Rafiki yangu, ambaye hakuwa ameniandikia tangu Jeddah, alinitumia ujumbe. Yule msichana alimwambia dada yake wa nyumbani kama mzaha, dada akamwambia jirani, na jirani akawa na mdomo. Walikuja wanawake wa kanisa kuzungumza na fundi, kisha wakaja vijana ambao hawakuja kuzungumza. Hakuumizwa. Alifunga cherehani yake kwenye gunia akapanda gari la Eldoret siku hiyohiyo. Mama alibaki na jirani mwingine anayempelekea uji tu.

Mwisho wa ujumbe aliandika, "Mama anauliza yule aliyekuwa anamwosha ameenda wapi. Nimjibu nini?"

Nilikuwa jikoni na kuku wa chakula cha mchana. Nilikaa chini sakafuni. Jambo la kwanza lililonijia ni mwenyekiti. Alikuwa na mdogo wake aliyeolewa Kitale, mwanamke aliyezoea wagonjwa, na baada ya Ijumaa ile nilijua angemtuma hata usiku huo. Nilikuwa nimekwisha kubonyeza na kuanza kumrekodia, nimeshasema "Mama, naomba unisaidie," nikasimama. Nikaifuta rekodi. Nikamwandikia rafiki yangu kwanza, nikamweleza ninachofikiria, nikamwuliza kama anataka nimwambie mwenyekiti au nisimwambie.

Hakujibu mchana. Nilipika, nikapakua, nikaosha, mikono ikifanya yenyewe. Nilimfikiria yule mama amelala upande mmoja tangu asubuhi na hakuna wa kumgeuza, na mara kumi nilishika simu nikitaka kutuma tu, maana kila saa iliyopita ilikuwa ikila ngozi yake. Sikutuma. Ilikuwa karibu na magharibi alipoandika.

"Mwambie ya mama tu. Ya kwangu nitasema mwenyewe."

Nilimwambia ya mama tu.