Jina Nililoazimwa

Jumapili iliyopita ndugu yangu mdogo alinipigia simu kutoka nchi ya baridi anakofanya kazi, akaniambia amepata mtoto wa kiume. Nilipiga vigelegele peke yangu sebuleni, hapa Kaaga, Meru, mpaka jirani akagonga mlango kuuliza kuna nini. Nikamuuliza ndugu yangu mtoto ameitwa nani. Akanitajia jina fupi ambalo sijawahi kulisikia. Alisema yeye na mkewe walikuwa wakilitafuta kwenye intaneti kwa majuma kadhaa, wakitaka jina la kiume ambalo si la kila mtu na lenye maana nzuri. Hilo walilolipata lina maana ya shujaa wa milimani, katika lugha ambayo hata yeye alikuwa ameshasahau ni ipi.

"Na Ngoroi?" nikamuuliza.

Akacheka, wala si kwa ubaya. "Ngoroi ilikuwa ya Guka, sista. Huku hata hawawezi kuitamka."

Tukazungumza habari za mvua na bei ya maziwa, tukaagana. Nikabaki na chai yangu mpaka ikapoa. Sasa naomba nikueleze wewe habari za jina hilo, kwa sababu katika nyumba hii sina mwingine wa kumweleza.

Kwetu ni Embu, juu kidogo ya Runyenjes, kwenye miteremko ambako asubuhi ukungu hukaa juu ya mibuni hadi jua lipate nguvu. Huku Meru nilikoolewa, wazee walipompa mtoto jina walikuwa wakitazama tabia. Babu akiwa mkulima hodari, mjukuu anaitwa Kirimi. Akiwa mtu wa maneno machache, mjukuu anaitwa Mukiri, hata kama atakuja kuongea kutwa kucha kama yule Mukiri tunayefanya naye kazi dukani Makutano. Kwetu ni tofauti kidogo. Jina hurudi vilevile lilivyo. Mvulana wa kwanza ni babu mzaa baba, na haisemwi amepewa jina la babu, inasemwa babu amezaliwa.

Babu yangu, ambaye sote tulimwita Guka, alikuwa na mwana mmoja tu wa kiume, baba yangu. Na baba yangu alikuwa na mabinti wanne. Mimi ndiye wa nne. Dada yetu mkubwa alikuwa na jina la nyanya aliyefariki kabla hatujazaliwa, kwa hiyo Guka alimtania akimwita mke wangu na kumdai chai. Wa pili alikuwa na jina la upande wa mama, wa tatu la shangazi. Mimi nilipewa jina la mama mdogo mmoja aliyeishi mbali, ambaye nilimwona mara chache sana. Watu walipomsalimu Guka njiani walimuuliza kama ameshazaliwa, naye aliinua fimbo kidogo na kusema, "Bado. Niko njiani."

Dada zangu walikuwa wakubwa, wakienda shule pamoja na kurudi pamoja wakicheka mambo yao. Mimi nilibaki nyumbani na Guka. Tulikata majani ya ng'ombe, yeye kwa panga, mimi nikikusanya. Tulifukia viazi vitamu kwenye majivu ya moto, na tulipovifukua alipuliza changu kwanza, kisha akanipasulia katikati ili mvuke utoke. Hadi leo harufu ya ganda la kiazi lililoungua inaniumiza kidogo kifuani.

Chini ya shamba kulikuwa na mto, na kando ya mto mikuyu mikubwa walimoishi mbega. Ngoroi, kwa lugha yetu, ni mbega, yule mnyama mweusi mwenye manyoya marefu meupe kama joho begani. Alfajiri walinguruma, sauti nzito ya kukoroma iliyopita bonde zima, nami nikiwa kitandani nilijua Guka naye ameamka na anasikiliza.

Alinieleza asili ya jina lake tukiwa pale mtoni. Zamani za babu za babu zake kulikuwa na mama aliyezaa na kuzika, akazaa na kuzika. Alipopata mimba nyingine hakutaka kuitaja. Uchungu ukamshika akiwa anachota maji, akajifungulia chini ya mkuyu, mbega wakimtazama kutoka juu. Akasema huyu hatapewa jina la mtu. Ataitwa Ngoroi, ili kifo kikija kumuulizia kiambiwe hapa hakuna mtoto, kuna mbega tu. Kifo kikapita. Mtoto akaishi hadi akawa mzee asiye na jino, na jina likashuka, babu kwa mjukuu, mpaka kwa Guka.

"Na baada yako?" nilimuuliza.

Akasema, "Kwa sasa lishike wewe."

Basi kuanzia siku hiyo akaniita Ngoroi. Si mbele ya watu. Shambani, mtoni, jikoni tukiwa wawili. "Ngoroi, kuja hapa." "Ngoroi, lete kile kijiti." Dada zangu walilisikia siku moja wakacheka, wakasema hilo ni jina la wanaume. Sikujali. Nilitembea nikiwa nimeinua mabega, kama mtu aliyevaa koti la babake. Nilikuwa na jina lenye mama chini ya mti na kifo kilichodanganywa, na mtu mmoja duniani wa kuniita kwa jina hilo.

Nilikuwa nimeanza shule ya msingi wakati mama alipopata mimba tena, baada ya watu wote kudhani amemaliza. Guka alianza kunyoa ndevu kila Jumamosi.

Siku baba aliporudi kutoka hospitali ya Embu, mimi na Guka tulikuwa uani tukipukuchua mahindi. Baba alikuja mbio, viatu vimejaa matope. Akasimama mbele ya Guka, akavua kofia.

"Baba," akasema, "umezaliwa."

Guka aliinuka, mahindi yakamwagika mapajani. Aliona haya kulia mbele yetu, akageukia ukuta wa ghala. Shangazi akatoka jikoni akipiga vigelegele, jirani akaitikia kutoka ng'ambo ya bonde, na mimi nikarukaruka pamoja nao. Nilikuwa na furaha ya kweli. Sikuwa nimefikiria zaidi ya hapo.

Mama alirudi baada ya siku chache. Asubuhi iliyofuata nilikuwa nikifagia uani nikasikia Guka akiita kutoka ndani, "Ngoroi! Ngoroi!"

"Ndio, Guka," nikaitika, nikatupa ufagio nikakimbia.

Alikuwa amempakata mtoto. Aliinua macho, akashangaa kuniona.

"Si wewe," akasema kwa upole. "Wewe pumzika sasa. Mwenyewe amekuja. Wewe ni..."

Midomo ilikuwa wazi kidogo, naye alikuwa akilitafuta jina langu. Lilimchukua muda. Mama ndiye aliyemtajia, kutoka kitandani, bila kujua ametaja nini. Guka akasema, "Eeh, huyo," akarudi kwa mtoto na kuanza kumsimulia habari za yule mama aliyezaa na kuzika. Maneno yalikuwa yaleyale aliyoniambia mimi. Nikasimama mlangoni mpaka yalipokwisha, kisha nikaenda kumalizia uani.

Guka hakunitesa, usije ukadhani hivyo. Aliendelea kunipasulia kiazi. Lakini aliniita msichana, au mama, kama anavyoitwa mtoto yeyote wa kike. Nilikwenda mtoni peke yangu, nikakaa chini ya mikuyu, nikawatazama mbega wakikumbatia watoto wao weupe, na hakuna aliyeniita nirudi. Nilirudi mwenyewe njaa iliponiuma.

Ndugu yangu alikua akipenda mpira. Shuleni walimcheka kwamba anaitwa nyani, akaja akilia, akamwomba baba jina hilo liachwe. Baba hakuwa mtu wa kugombana. Likabaki la nyumbani, na alipochukua kitambulisho akaandikisha la ubatizo na la baba. Guka peke yake ndiye aliyeendelea kumwita, na kijana aliitika akiwa tayari anaondoka.

Guka alipougua mara ya mwisho nilikuwa nimeshaolewa Meru. Niliteremka hadi Embu, nikamkuta ndugu yangu tayari yuko pale wodini. Tulikaa upande huu na upande huu wa kitanda. Guka alifungua macho akasema, "Ngoroi."

Nilikuwa nimeshainuka nusu kwenye kiti. Ndugu yangu naye akasogea. Guka akampa mkono yeye, nami nikaketi tena polepole, nikajifanya naiweka sawa shuka. Baadaye akanigeukia mimi. "Mama," akasema, "watu wa nyumbani wamekula?" Nikamwambia wamekula wote. Akaridhika, akalala.

Siku ya mazishi mhubiri alilitaja jina lake la ubatizo mara nyingi, lile lingine mara moja, tena kwa haraka.

Mikuyu ilikatwa tulipogawana shamba. Mibuni iling'olewa, sasa kuna makadamia, miti mizuri isiyo na kelele. Mbega walihamia juu msituni, na nikilala kule nyumbani alfajiri huwa kimya kabisa. Mimi nilijaliwa binti mmoja tu, naye yuko mbali na maisha yake. Kanisani ninaitwa mama fulani, dukani ninaitwa madamu, kwenye simu sista. Ni majina ya heshima na ninayaitikia yote. Lakini wakati mwingine, nikiwa jikoni peke yangu, natamani mtu aniite lile lisilokuwa langu, niangushe kilicho mkononi, nikimbie.