Mapumziko Aliyomchagulia Mama

Ofisini kwetu tulimwita Ramani, na jina hilo lilimganda mpaka wateja wakaanza kumwandikia barua kwalo. Kwa miaka kumi na mmoja alikaa meza ya dirishani akifanya kazi moja tu, kuwachagulia watu mahali pa kulala. Ukimwambia unataka hoteli katikati ya mji wa kale, swali lake la kwanza lilikuwa kama usingizi wako ni mwepesi au mzito. Ukisema mwepesi, anatikisa kichwa.

"Kule mafundi bati wanaanza kugonga kabla hujafumbua macho," angekuambia. "Nikupeleke nje kidogo."

Huko nje kidogo kulikuwa na mahali alipopapenda kuliko pote. Zilikuwa vila kumi na mbili za kifahari nyuma ya kilima, mwendo wa dakika arobaini kwa gari kutoka lango la mji. Kila vila ilikuwa na ukuta wake, bwawa lake na njia yake ya kokoto, usije ukakutana na jirani kwa bahati mbaya. Ramani alishapeleka huko maharusi, wastaafu, na bwana mmoja aliyetaka asisikie hata mtu akikohoa. Alipajua mpaka rangi ya taulo, ila hakuwahi kulala huko hata mara moja. Alikuwa akiwafikisha wageni mapokezi, anasimama pembeni na faili kwapani, kisha anarudi na gari lililowaleta.

Mwaka ule mama yake alikuwa anatimiza miaka sabini. Mama alikuwa dobi wa hospitali kwa miaka thelathini na miwili. Wagonjwa hawakumjua, lakini wauguzi wote walimwita Mama Pasi, na mvuke wa chumba chake cha kufulia ndio uliowalea Ramani na dada yake mkubwa. Dada alipopiga simu kuuliza watamfanyia nini, Ramani alisema ana mpango, atamtoa mama akapumzike.

"Muulize kwanza anataka wapi," dada alisema.

Akamuuliza. Mama hakuhitaji kufikiri.

"Mjini, kwenye chumba chenye dirisha linalotazama njia," alisema. "Nikae tu niwaone watu wanavyohangaika. Tangu nistaafu naangalia ukuta wa jirani, mwanangu. Nimeujua mpaka nyufa zake."

Kesho yake Ramani alikuja ofisini akanieleza hayo huku anacheka. "Mama hajui anachotaka," aliniambia. "Hajawahi kuonja kizuri." Mimi niliyekaa meza ya pili nilicheka pamoja naye, na kicheko kile hakinipi raha nikikikumbuka.

Zile vila zilikuwa na utaratibu wa kuwapa mawakala siku mbili za bure kila mwaka. Ramani aliziomba kwa mara ya kwanza. Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia dada yake. Meneja wa vila alikuwa anatafuta mtu wa kusimamia upande wa wageni, na Ramani alitaka safari hii aonekane akivutiwa kiti kama mgeni. Hakutaka tena kuwa yule wa faili kwapani.

Wakaenda. Kwenye mlango wa mapokezi, mama aliona sakafu inavyong'aa akavua viatu. Ramani akamnong'oneza avivae. Akavivaa.

Vila yao ilikuwa namba tisa. Mchana kutwa mama alikaa kando ya bwawa, miguu yake nchi kavu, mkoba mapajani. Kila baada ya muda aligeuza shingo kuutazama mlango.

"Watu wako wapi?" aliuliza mwishowe.

"Hapa sifa yake ndiyo hiyo, Mama. Hakuna watu."

"Sasa sisi tumekuja kwa nani?"

Chakula kililetwa kimefunikwa. Mhudumu aligonga, akapanga meza, akatoweka kabla mama hajamaliza kumuuliza hali ya watoto wake. Hilo nalo lilikuwa sifa ya mahali pale. Wahudumu walifundishwa wasizoeane na wageni. Mama akala kidogo, akasifu, akanyamaza. Ramani aliuona ule unyamavu akaamua kuuita utulivu.

Asubuhi ya pili meneja alimwita amtembeze. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwepesi wa hatua, mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Ramani akavaa koti lake zuri. Mama akamwambia, "Nenda, baba. Mimi nitanyoosha miguu."

Kunyoosha miguu kukamfikisha nyuma ya vila, kwenye jengo refu lisilo na ukuta wa kulificha. Hakuhitaji kuelekezwa, maana harufu ya shuka chini ya pasi aliijua kuliko harufu ya nyumba yake. Ndani alikuta wasichana wawili wanapigana na shuka zile za kona zenye mpira. Kila wakikunja moja, inafumka. Mama alisimama mlangoni akitazama, uvumilivu ukamwishia. Akaweka mkoba chini, akakunja mikono ya gauni.

"Ingiza ngumi kwenye kona. Hivyo. Sasa ivishe na kona ya mwenzake, kama soksi."

Walimaliza rundo zima. Kisha akashika pasi kuwaonyesha foronya, akaanza kuwasimulia habari za daktari mmoja aliyesahau meno yake ya bandia mfukoni mwa koti, yakafuliwa, yakatoka meupe kuliko alivyoyatia. Walikuwa wamekufa kwa kicheko wote watatu. Ramani alinisimulia kwamba alikisikia kicheko cha mama yake akiwa bado nje, akajiuliza mara ya mwisho alikisikia lini.

Meneja akaingia mbele, Ramani nyuma yake. Kicheko kikakatika.

"Huyu ni nani tena?" meneja aliuliza. "Nimeshasema kibarua mpya aanzie kwangu. Mama, sare yako iko wapi?"

Wasichana wakainamisha vichwa. Mama hakumtazama meneja, alimtazama mwanawe. Ramani alikuwa amefungua mdomo, na maneno yalikuwa mawili tu, mama yangu. Aliniambia kwamba alivuta pumzi tatu. Pumzi ya kwanza alikuwa anatafuta jinsi ya kulisema jambo lile likawa la kuchekesha. Ya pili alifikiria ile kazi. Ya tatu hakufikiria chochote, alingoja tu, kama mtu anayetumaini mvua itampita.

Mama akamsoma kama alivyozoea kusoma doa kwenye shuka. Akaisimamisha pasi, akafuta mikono.

"Nisamehe, bosi," alimwambia meneja. "Sikujua. Nakwenda kuivaa."

Akachukua mkoba wake, akampita mwanawe mlangoni. Alijibana asimguse hata koti.

"Tuendelee," meneja alisema.

Na Ramani akaendelea. Alikwenda kuonyeshwa pampu ya maji. Alisimama mbele ya pampu ya maji akitikisa kichwa na kuuliza inasukuma lita ngapi.

Aliporudi vila namba tisa, mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, viatu mguuni.

"Yule bosi amekupenda?" mama aliuliza.

"Mama, kwa nini ulisema vile?"

"Nilikuona umekwama. Ningekuacha umekwama mbele ya watu?" Akauvuta mkoba mapajani. "Ila usinishukuru, imeniuma. Yule mwanamke sina neno naye, yeye hanijui."

Ramani alitamani amtukane. Matusi angeyapokea, angelia, yangekwisha. Mama akainuka kwenda kunawa uso, naye akabaki anatazama zulia.

Mchana alikwenda mapokezi. Kulikuwa na wageni wanne wanajaza fomu, na meneja alikuwa nyuma ya meza. Ramani hakumwomba faragha, kwa sababu alijua akipewa faragha angelipamba jambo lenyewe.

"Yule mama uliyemkuta anapiga pasi ni mama yangu mzazi," alisema. "Ni mgeni wako, vila namba tisa. Nilikuwa nimesimama pale, sikusema."

Uso wa meneja ukamshuka. Alitoka mwenyewe mpaka namba tisa, akamwomba mama radhi kwa mikono yote miwili. Mama akaipokea, akamwambia kwamba wasichana wake ni wepesi kuelewa na pasi ile ya kushoto inavuja.

Usiku wa pili hawakulala huko. Ramani alimpeleka mama mjini, kwenye nyumba ya wageni ya ghorofa moja juu ya mtaa wa mafundi bati, chumba chenye dirisha linalotazama njia. Mama alivuta kiti, akakaa mpaka jua likazama. "Yule wa ndoo amepita mara ya nne," alimwambia. "Kuna kitu anakitafuta." Alikuwa na furaha, na hakumficha. Ramani alikaa nyuma yake kitandani, na kila mama alipocheka aliona masikio yanamwaka moto.

Ramani mwenyewe ndiye aliyemweleza dada yake yote, kwa simu.

"Nani mwingine anajua?" dada aliuliza.

"Hakuna."

"Basi mwambie mtu ambaye hatakuonea huruma."

Ndipo akaniambia mimi. Sijui kama alichagua vizuri, lakini huruma sikumpa.

Baada ya wiki tatu meneja alipiga simu kusema nafasi ni yake akiitaka. Ramani alimshukuru akakataa, kwa kuwa asingeweza kuupita ule mlango wa chumba cha kufulia kila asubuhi. Bado yuko meza ya dirishani. Mteja akisema anatafuta mahali pa kumpeleka mzazi wake, Ramani humsogezea simu ya mezani. "Mpigie kwanza yeye," humwambia, na wengine hukasirika.

Mama hajawahi kulitaja tena jambo lile. Hupita ofisini mara mojamoja akitoka kliniki. Akiingia tu, Ramani husimama na kumtambulisha kwa kila mteja aliyepo, hata aliyeingia kuuliza choo kiko wapi. "Huyu ni mama yangu," husema, tena kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika.

"Inatosha, baba," mama humwambia, akijipepea na kadi ya kliniki. "Wamesikia. Kaa chini ufanye kazi."