Siku Niliyomwona Msusi wa Misri

Daktari aliniambia nipumzishe vidole. Alisema kwa upole, lakini nilitoka pale nimenuna. Nimesuka nywele za watu hapa Hillbrow, Johannesburg, tangu nilipofika kutoka Bukavu nikiwa na mimba ya Neema, na sasa vidole vya mkono wa kulia vinaamka vimekaza, havitaki hata kufunga kifungo. Maumivu nayazoea. Kilichonikosesha raha ni wazo moja: mjenzi akiacha kazi, nyumba zake zinabaki. Kazi yangu mimi yote imekwisha kufumuliwa. Hakuna kichwa hata kimoja mjini hapa chenye mistari niliyoichora mwaka jana. Na Neema, mwanangu wa pekee, hakutaka kujifunza kusuka. Anafanya kazi benki Randburg, na nywele zake huzivaa akitoka, huzivua akirudi.

Basi katikati ya mwaka 2018 benki yake ikamtuma Kairo kwa mafunzo, akaja kwangu na tiketi mbili.

"Eish, Mama, usikatae," alisema. "Niko na siku moja ya kupumzika. Nataka uone kitu kubwa."

Wamama wa kanisani walinitania hadi mlangoni. "Mama Neema, Mungu alitoa watu Misri kwa shida vile, na wewe unapanda ndege unarudi kule?"

"Nikiona Farao nitamusalimia," nikawajibu.

Tuliondoka Johannesburg jioni ya baridi kali, mimi na koti juu ya sweta. Neema alibeba kila kitu, hata mkoba wangu mdogo, asiniache nishike chochote. Nilitembea nyuma yake mikono mitupu, nikimshukuru Mungu kimoyomoyo kwa mtoto wa namna hii.

Asubuhi ya ile siku ya mapumziko, mwenyeji wetu alitukuta mlangoni mwa hoteli. Jina lake Samiha, mwanamke wa umri wangu, na kazi yake ni kutembeza wageni. Alikuwa amejifunga mtandio, kwa hiyo sikuweza kumkagua nywele kama nilivyozoea kumkagua kila mtu. Dereva wake alitumiminia chai kutoka kwenye chupa.

"Sukkar?" akaniuliza.

"Sukari nyingi," nikamjibu, na tukaelewana bila mkalimani.

Tulipofika mji wa Giza, kando ya Kairo, piramidi zilitokea ghafla nyuma ya maghorofa ya watu, nguo zimeanikwa kwenye baraza. Tulisogea karibu. Jiwe moja tu la chini lilinifika kifuani, na juu yake yako mengine na mengine mpaka shingo inauma kutazama. Nikaliwekea kiganja. Lilikuwa la moto, na vidole vyangu vilivyokaza vikapata nafuu kidogo. Nilipaswa kufurahi, lakini nililigeuzia mgongo.

Samiha aliniona. "Hupendi?" akauliza kwa Kiingereza, Neema akanitafsiria.

"Napenda sana," nikasema. "Lakini nasikia wivu. Mwenye kupanga haya mawe alikufa zamani, na kazi yake iko hapa. Yangu, mwezi ukiisha, wanaifumua."

"Unafanya kazi gani?"

Nilipomwambia, hakucheka. Akatazama saa, akamwambia dereva jambo kwa Kiarabu. "Sakkara hatutakaa sana," akatuambia. "Kuna kitu nataka ukione kabla makumbusho hayajafungwa."

Adhuhuri tulikuwa Sakkara, kwenye piramidi ya ngazi na magofu yake. Pale kuta nyingi zimelala chini na mchanga umejaa kwenye vyumba visivyo na paa. Tulikula mkate na maharage kivulini mwa ukuta mmoja uliobaki. Joto lilimshinda Neema, akavua wigi na kulitia kwenye mkoba. Nywele zake, ambazo sikuwa nimezigusa tangu amalize shule, zilikuwa nyingi na laini. Niliziangalia, nikarudia mkate wangu.

Alasiri tukaingia makumbusho mjini Kairo. Samiha alitupitisha mbele ya dhahabu bila kusimama, akatufikisha kwenye jeneza kubwa la jiwe. Ubavuni amechongwa malkia ameketi, mkono mmoja kioo, mwingine kikombe. Na nyuma yake amesimama mwanamke mwembamba, vidole vyake vimo katika nywele za malkia. Anatengeneza kishungi, taratibu, kana kwamba hana haraka na mtu.

"Neema! Angalia mikono yake!" Nilipaza sauti hadi mlinzi akageuka. "Njo vile tunashikaka! Njo vile vile!" Ndivyo hasa tunavyoshika sisi wasusi.

"Hizo nywele zilifumuliwa zamani sana," Samiha akasema polepole, Neema akitafsiri. "Lakini malkia alizikwa na msusi wake, amechongwa ubavuni mwa jeneza, na mikono yake bado iko."

Nililia, na sioni aibu kusema. Samiha akanishika bega. Nikamwambia asante kwa kila lugha niliyo nayo, kuanzia Kiswahili mpaka Kizulu. Nilipojifuta macho, Neema alikuwa bado ameinama mbele ya lile jeneza, anaitazama ile mikono.

Tulirudi Johannesburg tukakuta baridi ileile. Jumamosi iliyofuata Neema alikuja Hillbrow asubuhi, bila wigi, na kichana mkononi. Akaweka mto chini, mbele ya kiti changu.

"Kaa, Mama."

"Nikae chini mimi?"

"Leo wewe njo malkia. Utanipa maneno, mimi nitaweka mikono."

Akanipa kioo, akanipa na kikombe cha chai. Zaidi ya miaka ishirini nimesimama nyuma ya vichwa vya watu. Sikukumbuka mara ya mwisho mtu kusimama nyuma ya changu. Alinivuta mpaka machozi yakanitoka. Mistari ilipinda.

"Hii ya hapa inaenda wapi?" nikamuuliza, nikitazama kwenye kioo.

"Randburg," akajibu, tukacheka mpaka chai ikamwagika. Kisha nikamwonyesha kwa maneno jinsi ya kugawa upya, na mstari uliofuata ulinyooka kidogo. Sasa namshukuru hata yule daktari.

Jumapili kanisani wamama walinizunguka. "Mama Neema! Nani alikuharibia kichwa hivi?"

"Mtoto wangu," nikawaambia, nikaenda kukaa kiti cha mbele kabisa, ili wote walio nyuma waone.