Ukuta Uliomwitikia Baba

Juzi nilimwona mjukuu wangu akigongagonga ukuta wa nyumba anayotaka kununua, nikamkumbuka baba, aliyekuwa tarishi wa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa enzi za ukoloni, pale Tabora.

Mchana mmoja, nikiwa mtoto, tulikuwa tumezungukia nyumba nne kwa miguu tukitafuta ya kuhamia. Katika ile ya tano, mama, ambaye alikuwa mjamzito, alijinyoosha sakafuni penye harufu ya udongo na moshi, akapitiwa na usingizi.

Baba akagonga ukuta wa miti na udongo, akatega sikio. Ukalia kama ngoma. Nikafurahi, nikidhani nyumba imeitikia hodi yake.

"Unaonaje, bwana?" mwenye nyumba akauliza.

Baba akamtazama mama. "Naichukua," akajibu kwa sauti ya chini. "Ila usimwamshe."

Sasa najua kuwa ukuta unaolia vile umeliwa na mchwa. Baba alilijua hilo siku ile ile.