Alisema Mimi ni Dada

Mdogo wangu hakunitukana. Angenitukana na mimi ningemtukana, yakaisha siku hiyohiyo, maana kwa matusi sishindwi na mtu. Yeye alisema neno la kweli kabisa. Ndiyo maana limenikaa kooni kama mwiba wa samaki mpaka nywele zimekuwa nyeupe.

Alikuwa kajifungua mtoto wa kwanza. Mume wake, karani wa benki, alikuwa kasafiri kikazi. Mimi nikafunga cherehani yangu, sare za watoto wa shule nikaziacha hazina vifungo, nikaenda kumhudumia mzazi. Nani mwingine angeenda? Mama yetu alikuwa mgonjwa wa kitandani, nimemwachia jirani. Hata arusini sikwenda kwa sababu hiyohiyo ya kumuuguza mama, kwa hiyo wakwe zake walikuwa hawanijui sura.

Nipo uani, gauni limelowa mpaka magotini, nafua nepi, wakaingia mama mkwe wa mdogo wangu na wifi yake. Wananukia hao, viatu vinalia ko, ko, ko. Mama mkwe akanitazama kama mtu anavyotazama ndoo.

"Huyu nani?"

Mdogo wangu yuko mlangoni na mtoto begani. Akanitazama, akaangalia chini.

"Huyo? Huyo dada."

Haya. Nikafuta mikono nije kusalimia. Mama mkwe akasema, "Anaonekana mchapakazi. Umempata wapi? Wasichana wa kazi siku hizi mtihani. Mnamlipa vizuri?"

Nikamtazama mdogo wangu. Nikangoja. Hata jiwe lingesema kitu. Yeye akacheka kidogo, kile kicheko cha ofisini, akasema, "Tunaelewana."

Tunaelewana!

Wifi yake akanitupia furushi la nepi. "Dada, na hizi za wanangu zipitishe maji." Nikazipitisha maji. Wao wakala sebuleni, mimi nikala jikoni nimekalia debe. Walipoondoka nikamuuliza, "Kwa hiyo mimi ni msichana wako wa kazi?"

Akajibu huku anakunja nepi, "Sasa nimesema uongo gani? Wewe si dada yangu?"

Mtu aliyesoma ni hatari. Nikafunga mzigo wangu, jua halijazama nikawa nimeondoka.

Na kusoma kwenyewe kasomeshwa na nani? Baba alipokufa mimi nilikuwa darasa la tatu, najua kuandika jina langu na hesabu za kutoa bila kukopa. Nikaondolewa shule, nikakalishwa kwenye cherehani ya baba, miguu hata haijafika vizuri kwenye pedali. Yeye akaenda shule na sare niliyomshonea mimi. Akafika kwenye taipu, akawa sekretari, akawa na mkoba wa ngozi. Sikumsomesha ili anilipe. Lakini mtu akikubeba mgongoni, usiwaambie watu ni punda.

Hatukusemezana tena. Alituma watu, nikawarudisha na majibu ambayo hawakuweza kuyafikisha. Mama alikuwa akiniomba, "Mwanangu, njooni mle sahani moja niwaone." Namwambia, "Aje aombe msamaha kwanza." Mama akafa hajaona sahani hiyo. Msibani mdogo wangu alikaa chumba cha mbele, mimi cha nyuma, watu wanapita katikati yetu na vikombe vya chai. Hilo linaniuma kuliko lile neno lenyewe, ila siwezi kulisema bila kulitaja na lile neno.

Mwanawe, yuleyule niliyemfulia, alipokuwa mkubwa akaanza kuja kibarazani kwangu. Sikumfukuza. Nepi hakuzichafua kwa makusudi. Yeye ndiye aliyeniletea habari kwamba mama yake kastaafu, kafiwa na mume, sasa anaotesha maua kwenye makopo.

Siku moja akaja mbiombio.

"Mama mkubwa, shikamoo!"

"Marahaba. Mbona meno yote nje, umeokota nini?"

"Mama kapata tuzo!"

"Tozo? Wamemtoza nini, maua?"

"Tuzo, mama mkubwa, tuzo! Zawadi! Blogu yake imeshinda."

"Blogu ndiyo mdudu gani?"

"Anaandika kwenye intaneti, watu wanasoma. Habari za maua yake ya kwenye makopo. Wanamwita Mama Makopo."

"Watu wazima wanakaa kusoma habari za kopo?"

"Maelfu!"

"Na wenye kazi je?"

Akacheka mpaka akakalia jora langu la kitambaa. Halafu akaacha kucheka. "Kuna sherehe ukumbini. Kila mshindi atapanda jukwaani ataje mambo matano ambayo wasomaji wake hawayajui. Mambo yoyote tu kumhusu yeye. Mama anataka uje."

"Kasema yeye mwenyewe?"

"Kasema, 'Mwambie asije kunipongeza. Aje asikilize tu.'"

Nilikwenda kwa sababu moja. Nilitaka kuona kama kwenye mambo hayo matano na mimi nimo. Nikikuta simo, basi nilishakufa kwake zamani, na mimi nimzike moyoni nikapumzike.

Ukumbi wenyewe viti vimevalishwa vitambaa, pindo zinafumuka. Aliyeshona alikuwa na haraka ya kwenda kwingine. Mwanawe akaniketisha safu ya mbele, na jirani yangu ni nani? Wifi yule wa furushi! Kazeeka, ana fimbo, ila manukato ni yaleyale. Hakunikumbuka.

"Na wewe ni msomaji wa Mama Makopo?" akaniuliza.

"Hata kusoma kwenyewe sijui vizuri."

Akahamishia mkoba wake upande wa pili.

Mdogo wangu akaitwa. Alipanda ngazi kashikwa mkono. Jamani, hakuna aliyeniambia kwamba kawa bibi kizee. Kichwani mwangu alikuwa bado amesimama pale mlangoni na mtoto begani.

Wakampa tuzo yake, kombe la kioo, akashika mikrofoni. "La kwanza, naogopa kuku." Watu wakacheka. Ni kweli, jogoo wa jirani alimkimbiza mpaka juu ya meza, nikamtoa mimi. "La pili, chai siinywi mpaka ipoe. Marehemu mume wangu alisema nakunywa maji ya kuoshea vikombe. La tatu, lile waridi jekundu mnalolisifu lilikufa zamani. Nageuzageuza picha zake za zamani tu." Ukumbi ukavunjika mbavu.

"La nne, sijui kushona hata kifungo. Nimelelewa na cherehani, lakini kila nilipotaka kuigusa niliambiwa, 'We nenda kasome.'"

Aliyemwambia ni mimi.

"La tano." Akanitafuta kwa macho kwenye safu ya mbele. "Nilipoolewa niliwaambia wakwe zangu kwamba dada yangu ni mwalimu. Niliona aibu kusema ni fundi wa kibarazani. Akaja kunihudumia nilipojifungua, wakwe wakamkuta anafua, wakauliza huyu nani. Nikasema, dada. Wakadhani dada wa kazi. Nikawaacha wadhani. Wakamfulisha nguo zao, mimi naangalia. Yule hakuwa mtu wa kazi. Ni mtoto wa mama yangu, tumbo moja. Aliacha shule ili mimi nisome. Kila neno mnalolisoma kwenye ile blogu kalilipia yeye. Amekaa pale mbele."

Wifi akageuka taratibu kama mlango wenye kutu.

"Kumbe… dada…" Akajirudi. "Yaani… wifi yangu. Mbona siku ile hukusema?"

"Ningesemaje, na mikono imejaa nepi za wanao?"

Akainamia fimbo yake. "Mama yangu alikusifia mpaka anakata roho. Alikuwa akisema, yule msichana wa kazi wa mkwewe, wangempata tena wapi."

Sikujua nicheke au nilie. Mtu kazikwa na sifa zangu, lakini kanisifu kwa jina lisilo langu.

Mdogo wangu akashuka, akaja akasimama mbele yangu na kile kioo kifuani. Watu wanapiga makofi kama vile ni mchezo wa kuigiza.

"Dada."

"Usiniite hivyo."

"Nikuiteje?"

Nikafungua mdomo. Matusi ninayo ya kutosha kuuza, lakini jina la mdogo kumwita mkubwa wake nikalitafuta nikakuta ni lilelile moja. Lugha nzima haikuniwekea la akiba.

"Nisamehe," akasema.

"Hilo sijui. Mama kafa, mama mkwe wako kafa, mimi na wewe tumebaki magofu. Nani atarudisha siku hizo, wewe na hicho kioo?"

Akalia. Sikumfuta machozi. Wifi yake alikuwa anasikiliza kajikunja kitini, na watu wa safu ya nyuma wameinuka waone.

"Niite hivyohivyo, basi," nikamwambia. "Ila siku ile uliishia katikati. Leo malizia."

"Dada yangu," akasema.

"Kwa sauti."

Akasema tena, kwa sauti. Wifi akasikia, ukumbi mzima ukasikia. Wale niliotaka wasikie zaidi wako ardhini.