Vyuma Viwili vya Kukanyagia

Nilipomaliza chuo, serikali ilikuwa imeacha kuwapangia wahitimu kazi. Nilirudi Mkolani kwa mama nikiwa na tumaini moja tu: mradi mmoja mjini ulikuwa unatafuta jiko la kuwapunguzia watu matumizi ya mkaa, pamoja na mtu wa kufundisha matumizi yake mitaani. Vilima vyetu vilikuwa vimekatwa miti vikabaki mawe matupu, huku kwenye mashine za kukoboa za Usagara pumba za mpunga zikichomwa kama takataka. Nikabuni jiko la bati la kutumia pumba. Unasimamisha chupa katikati, unashindilia pumba kuizunguka, unachomoa chupa, kisha unawasha kwa chini, kwenye tundu lililobaki. Nililijaribu wiki tatu. Nilijaza daftari zima kwa dakika za kuchemsha maji.

Siku ya kulionyesha kwa akina mama, maji yalichemka vizuri. Kisha mama mmoja akamimina unga, akaanza kusonga. Jiko likayumba. Akakaza mwiko, sufuria ikalala.

"Mtaalamu, jiko lako linaogopa ugali!"

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nami, niliyekula ugali maisha yangu yote, sikuwahi kufikiria kwamba kuna mtu anausonga.

Jirani yetu, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa akitazama. Tulisoma naye shule ya msingi. Yeye akaishia la saba. Aliomba jiko, na baada ya siku mbili akalirudisha likiwa na vyuma viwili chini, kimoja kila upande, mpishi avikanyage anaposonga. Basi. Nilijiuliza kwa nini sikuviona mimi. Nikajiuliza kama aliviona palepale nilipokuwa naaibika, au aliwahi kutazama miguu ya mama yake jikoni wakati mimi nasoma. Mama yangu alisonga ugali juu ya jiko lile, halipepesuki, akasema, "Ahsante, mwanangu." Hakuwa anazungumza na mimi.

Mradi ulilichukua na kuliita jiko la fundi. Wakauliza nani atafundisha.

"Mchukueni msomi," alisema fundi. "Mimi nikishindilia pumba zinazimika. Yeye ndiye anayeziweza."

Hakuwa ananidhihaki. Angenidhihaki ingekuwa nafuu. Nilimpa mkono, nikamshukuru mbele ya watu, na moyoni nikaomba vile vyuma ving'oke siku hiyohiyo, ingawa ajira yangu sasa ilikuwa imesimama juu ya vyuma hivyohivyo.