Bastola ya Baba na Nyama ya Kanga

Watu wengi hudhani tabu ya bastola ni kukosa shabaha. Mimi tabu yangu ilianza siku niliyoanza kupata.

Bastola yenyewe niliirithi kwa baba. Ni ndogo, ya kizamani, ya matundu sita, na risasi zake ni nyembamba kuliko penseli. Kila unapotaka kupiga, lazima kwanza uivute nyundo kwa kidole gumba mpaka ilie, ndipo ubonyeze kifyatulio. Ukitaka kupiga tena, uvute tena. Kuitia risasi nako ni kazi ya subira, maana kuna kilango kidogo ubavuni, unazipitisha moja moja, na maganda yake unayasukuma nje moja moja kwa kijiti cha chuma. Baba alikuwa akiipenda kuliko saa yake. Alipofariki ilikaa kituo cha polisi mpaka karatasi za kuihamishia jina langu zikamalizika, na siku ya kukabidhiwa nilitakiwa nieleze nitaifanyia nini. Nikasema nitafukuza kanga wanaoharibu shamba la mjomba wangu Uroa, kama alivyokuwa akifanya baba. Ikaandikwa hivyo hivyo kwenye kibali.

Kusema kweli sikuwa na nia ya kumfukuza ndege yeyote. Mimi ni fundi wa mafriji. Nyumba yangu iko Mji Mkongwe, ambako mnyama pekee wa kuwindwa ni paka, na paka wenyewe wana watetezi wengi. Bastola niliifungia kwenye sanduku la chuma nikaisahau. Kisha mwaka jana mama akaacha kula.

Hakuwa mgonjwa wa kusema anaumwa hapa au pale. Daktari alimpima kila kinachopimika, akasema mwili umechoka kwa uzee tu, basi ale, ale chochote anachokitamani. Maneno mepesi hayo kwa mtu ambaye haishi naye. Mke wangu alimpikia boko boko, akampikia pweza wa nazi, akampikia ndizi mbivu na uji wa kila aina. Mama alishukuru kila mara, akaonja vijiko viwili, akaisukuma sahani. Bangili yake ya fedha, ambayo zamani haikutoka mkononi bila sabuni, ikawa inapanda na kushuka mpaka karibu na kiwiko. Asubuhi moja nikamuuliza, tena kwa ukali ambao mpaka leo unanitia haya, anataka nini basi. Akafikiri kidogo, akasema anatamani nyama ya kanga, wa kupaka, kama alivyokuwa akiletewa na baba.

Nilijaribu kwanza njia ya mkato. Nikamnunulia jogoo wa kienyeji, mgumu, mwenye miguu ya kukimbilia, nikamwambia mke wangu ampake viungo vilevile. Mama akaonja, akasema huyu ni kuku. Nikakasirika sana, kwa sababu kweli alikuwa kuku.

Ijumaa iliyofuata nikaenda Uroa na sanduku langu na kibali changu. Mjomba, mdogo wake mama, analima kunde na mtama kwenye maweni nyuma ya kijiji, kule ambako udongo umejificha katika mashimo ya mawe, na ukianguka unaamka na damu magotini. Kanga humfukulia mbegu kabla hazijaota. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akatazama sanduku, akasema shemeji yake alikuwa mtu wa kujitenga, akiingia maweni peke yake na kutoka peke yake, lakini sisi tutawinda kama walivyowinda wasasi wa kwao. Sikuuliza wasasi wa kwao waliwindaje. Ningeuliza, ningerudi mjini siku ileile.

Kwanza niliijaribu bastola, kwa sababu mimi chombo sikiamini kwa sifa. Nilipanga vifuu vya nazi juu ya jiwe, nikahesabu hatua kumi na tano, nikapiga. Kifuu hakikutikisika. Nikapiga tena, na tena, mpaka nikagundua kwamba risasi zote zilikuwa zinakwenda kushoto, vidole vinne kamili, kila moja. Hakuna skrubu ya kurekebisha. Baba aliishi na kasoro hiyo miaka yote na hakumwambia mtu, akilenga kulia tu na kunyamaza. Kwa upande mwingine, siwezi kuionea. Kifyatulio chake ni chepesi na safi, mkono hauruki, na mlio wake si mkubwa, kama ubao uliopigwa sakafuni. Ukishajua kwamba ni mwongo, na ukajua uongo wake ni wa upande gani, utaelewana nayo. Baada ya maganda ishirini hivi nilikuwa navipiga vifuu kimoja baada ya kimoja, na nikajiona mwindaji.

Hapo mjomba akaanza kunipa masharti. La kwanza lilikuwa nisome bismillahi kwa sauti wakati wa kuvuta nyundo, sauti ambayo yeye ataisikia. Nikamwambia kanga naye ataisikia. Akasema kanga aisikie. La pili ndilo lililonimaliza. Kwa wasasi wa kwao, anayepiga hashiki kisu. Mmoja anapiga, mwingine anakimbia na kisu kumwahi mnyama angali hai, amchinje, na ni huyo wa kisu tu mwenye haki ya kusema kawahiwa au kawa kibudu, yaani kafa kabla ya kisu na haliki. Sababu yake, alinieleza, ni kwamba mpigaji ana uchu na ana fahari, na mtu mwenye uchu na fahari ataona uhai hata kwenye gogo. Nilikubali kwamba ni utaratibu wenye akili. Tatizo lilikuwa mtu wa kisu mwenyewe, ambaye ni mzee, ana goti bovu, na hataki kabisa kumwachia kazi hiyo mtu mwingine.

Siku ya kwanza nilikosa, nikasamehewa. Siku ya pili walitoka kanga watano kwenye vichaka, nikamchagua mmoja, nikalenga kulia kwake, nikasoma bismillahi, nikapiga. Akaanguka palepale. Nilimpiga kichwani, hatua kumi na nane, kwa bastola inayokwenda upande. Sijapata kupiga hivyo tena. Mjomba akatoka nyuma ya jiwe akichechemea na kisu chake, akainama, akamgeuza ndege, akamshika shingo, akamnyanyua bawa likaanguka. Akaniambia neno moja, kibudu, akafuta kisu ambacho hakikuwa na kitu. Tulimwachia mbwa wa jirani.

Juma lililofuata nikafanya kinyume. Nikalenga bawa, nikalipata bawa. Kanga akakimbia kwa miguu, na miguu ya kanga si mchezo, akaingia kwenye mawe, mjomba nyuma yake akisema nisubiri, nisubiri, sijui akiniambia mimi au akimwambia ndege. Tulimtafuta mpaka adhuhuri. Mjomba alirudi na mchubuko wa mguu na unyoya mmoja.

Basi ndipo nikaielewa bastola ile. Nikipiga vizuri, ndege anakufa kabla ya kisu. Nikipiga vibaya, ndege anaondoka. Kati ya hayo mawili kuna mahali padogo sana, labda paja, labda kiuno, na ili risasi iende hapo nalazimika kulenga pembeni vidole vinne huku nasoma kwa sauti na ndege anajiandaa kuruka. Baba alikuwa akisema uzuri wa risasi ndogo ni kwamba inaangusha na haiui. Nilikaa juu ya jiwe nikimwombea rehema na kumlaumu kwa pumzi moja.

Mjini nilimwendea mwalimu wa chuo cha Kurani cha mtaani kwetu, nikitafuta upenyo katika sheria. Akaniambia wanavyuoni wamehitilafiana. Wapo wanaoona risasi ni kama mshale, ukishasoma bismillahi inatosha hata akifa, na wapo wanaosema lazima kisu kiwahi. Nilirudi nyumbani mbio na rai ya kwanza. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, amelala ubavu, bangili imeteleza, akasema wanavyuoni wale Mungu awajaze kheri, lakini yeye hali kibudu. Alikuwa hajala tangu jana yake asubuhi. Nilitoka nje nikasimama kwenye baraza, nikatamani kupiga kitu.

Nilikwenda tena Uroa siku ambayo mke wangu alinipigia simu kazini kusema mama amekunywa maji tu. Sikumaliza friji niliyokuwa naitengeneza. Mjomba nilimkuta yuko tayari, na safari hii hakuzungumza. Tulikaa nyuma ya mawe kuanzia alasiri. Kanga walitoka wakati jua limeshaanza kulegea, watatu, wakichakura kwenye kunde. Nikavuta nyundo, nikasoma, nikalenga pembeni ya paja. Wakati nabonyeza, ndege akainamisha kichwa kudonoa.

Alianguka kama yule wa kwanza. Niliona kwamba kafa kabla ya mjomba kufika. Sikusogea, maana sikuwa na ruhusa, na nilitaka kulia kwa hasira. Mjomba alifika, akapiga goti moja, akanipa mgongo. Akakaa vile kitambo. Kisha nikaona kiwiko chake kinakwenda na kurudi.

Nilimfuata. Damu ilikuwa inatoka taratibu, bila nguvu. Nikamtazama mjomba, naye anasafisha kisu kwenye majani.

"Nimeliona jicho lake," akasema. "Lilipepesa."

"Mjomba, mie sikuona kitu."

"Wewe mpigaji. Huulizwi." Akainuka kwa tabu, akanikabidhi ndege. "Dada yangu hajala. Nenda."

Njia nzima nilikuwa namgombeza kichwani. Ndege wa kwanza alitupwa, wa pili akapotea, nguo zangu zimechanika kwa sababu ya utaratibu wake, na leo yeye mwenyewe mwenye utaratibu kaona jicho linapepesa kwenye kichwa ambacho upande mmoja hakina jicho. Hasira zilikuwa zinanisaidia. Bila hizo ningelazimika kufikiri nitasema nini nyumbani.

Nyumbani sikusema kitu. Nilimpa mke wangu kanga aliyekwishachinjwa, akamnyonyoa, akambanika, akampaka tui zito lenye ndimu na pilipili, na harufu ikapanda ngazi mpaka chumbani kwa mama. Nilimsikia anauliza nini kile. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi aliketi mwenyewe bila kushikwa. Nikampelekea sahani ya wali, na kipande cha paja pembeni katika kibakuli peke yake, nikakaa kitako mbele yake.

Akaosha mikono. Akaukata mnofu kidogo kwa vidole, akaunusa, akatabasamu. Mimi nikamwomba Mungu mama auweke kinywani tu, upite, yaishe. Badala yake akanitazama.

"Kachinja nani?"

"Mjomba."

"Alimwahi?"

Nilikuwa na jibu. Mjomba alinipa, nalo lilikuwa halali kwa mujibu wa wasasi wa kwao, kwa kuwa mwenye kisu ndiye mwenye kusema. Nilifungua mdomo kulitoa. Nikaona mkono wake umetulia hewani na ule mnofu, unangoja, na mkono wenyewe hauna nyama ya kutosha kulishika lile neno.

"Mjomba anasema jicho lilipepesa," nikamwambia. "Mie nilikuwepo, mama. Sikuona. Nadhani alikuwa keshakufa."

Aliurudisha mnofu kwenye kibakuli, taratibu, bila kuudondosha. Nikasubiri anilaumu. Nilikuwa nimeshajilaumu mwenyewe, kwa maneno makali kuliko yake, kwa sababu mtu mwenye njaa alikuwa ameketi kula na mimi nimemzuia.

"Baba yako akenda peke yake," akasema. "Akipiga mwenyewe, akichinja mwenyewe. Kila akirudi nnamuuliza, ulimwahi? Ananambia nimemwahi. Miaka yote, hata mmoja hakumfia." Akavuta maji, akaosha vidole. "Mie nikila. Na nilikuwa nnajua hapana mtu mwenye bahati ile."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, na kutokana na uso wake nilijua kwamba sufuria ile iliyotiwa kibudu itasuguliwa kwa mchanga kesho na mimi ndiye nitakayesugua.

"Basi mama, utakula nini?" nikauliza. Sauti ilinitoka ya kugombana, ingawa sikukusudia.

Akaisogeza sahani ya wali karibu yake, akakiweka kibakuli mbali, upande wangu. Akasema nimpe chumvi na kipande cha ndimu. Akaukamulia ule wali mkavu, akaanza kula, tonge baada ya tonge, macho yake yakiwa kwangu. Alikula zaidi ya nusu sahani. Nami nilikaa pale na kibakuli cha kanga mbele yangu, nimefurahi, na bado nimekasirika hata sijui namkasirikia nani.